Tairi Nyembamba au Pana kwa Njia za Dodoma: Upepo Kwanza, Upana Baadaye

Simamisha tairi ya 235/85R16 kando ya 265/75R16 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya mwisho ni ringi kwa inchi). Kwa kimo ni kama pacha: ya kwanza ina milimita 806 hivi, ya pili 804. Zinatengana kwa upana tu, milimita 30, vidole viwili. Kwa vidole hivyo viwili wenye gari za kazi, kuanzia Land Cruiser za mkonga hadi Hilux na Defender za zamani, hubishana kila mvua zinapokaribia. Wa pana wanasema gari haizami. Wa nyembamba wanasema gari inashika.

Pande zote mbili zina ukweli, ila kila mmoja anasema akiwa na ardhi yake kichwani. Anayevuka makorongo ya Kondoa anafikiria mchanga. Anayeingia vijiji vya Bahi Januari anafikiria mbuga, yaani lile bonde la udongo mweusi, si mbuga ya wanyama. Tatizo la Kanda ya Kati ni kwamba safari moja inaweza kukupitisha kwenye lami, kokoto, mchanga, tope na miiba kabla ya saa kumi jioni, na tairi ni zile zile nne.

Tuanze na hoja inayorudiwa sana: kwamba tairi pana ina unyayo mkubwa zaidi chini. Kwa upepo ule ule, yaani mgandamizo ule ule wa hewa ndani ya tairi, si kweli, au ni kweli kidogo sana. Gari hubebwa na hewa iliyo ndani, kwa hiyo ukubwa wa unyayo hutokana na uzito uliogawanywa kwa upepo. Chukua Land Cruiser yenye mzigo, jumla tani 2.8, sawa na kilo 700 kwa kila tairi. Upepo wa 35 (psi, kama namba zote za upepo hapa) ni kama kilo 2.46 kwa kila sentimita ya mraba, na hapo tairi inakanyaga sentimita za mraba 285 hivi, iwe nyembamba au pana. Kinachobadilika ni umbo. Nyembamba yenye uso wa sentimita 18 inakanyaga urefu wa karibu 16. Pana yenye uso wa 21 inakanyaga urefu wa chini ya 14. Hesabu hii haijatia ugumu wa ubavu, na tairi ya plai 10 (plai ni kipimo cha uimara wa tairi) ina ubavu mgumu kweli, lakini picha haibadiliki.

Sasa teremsha upepo hadi 18. Unyayo unaruka hadi sentimita za mraba 550 na zaidi, karibu maradufu, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inakwenda mbele na nyuma, si pembeni. Nyembamba inafika urefu wa sentimita 30. Hakuna duka la tairi litakalokuuzia upana wa kufanana na kazi hiyo ya dakika sita na kipimo cha upepo. Ndiyo maana mtu mwenye 285 zilizojazwa 40 hunasa mahali ambapo gari ya tairi nyembamba za 7.50 (upana kwa inchi) iliyoshushwa hadi 22 imepita.

Hata hivyo tairi pana ina faida moja ya haki kwenye mchanga, nayo wanaoitetea mara nyingi hawaitaji: ujazo. Ina hewa nyingi zaidi ndani. Angalia namba za uzito ubavuni: 235/85R16 ya plai 10 huandikwa 120, maana yake kilo 1,400, na 265/75R16 ya plai 10 huandikwa 123, kilo 1,550. Kwa mzigo ule ule, basi, pana inavumilia upepo wa chini zaidi kabla ubavu haujakunjika kupita kiasi. Gari nyepesi yenye 265 inaweza kushuka hadi 15 au 16 na kupita kwa raha. Ukifanya hivyo na nyembamba iliyobeba mzigo, ubavu unakaribia kubanwa kati ya ringi na jiwe.

Gharama ya upana mchangani iko mbele ya tairi. Tairi inayotembea kwenye mchanga husukuma kilima kidogo mbele yake muda wote, na kilima cha sentimita 21 ni kizito kuliko cha 18. Nyembamba inapasua na sehemu yake ndefu ya nyuma inapita palepale pameshashindiliwa. Kwa mchanga wa makorongo ya Kondoa, ambao ni wa chembe kubwa ulioporomoka kutoka milima iliyochakaa kwa mmomonyoko (hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa eneo lililoharibika zaidi), tofauti kati ya tairi hizi mbili zikiwa zimeshushwa upepo ni ndogo. Kwa gari tupu ningempa pana ushindi mwembamba. Kwa gari yenye magunia ya alizeti, sare.

Namna ya kuvuka ina uzito kuliko yote hayo. Simama kabla ya korongo, shuka, tembea hadi ng'ambo. Mchanga wenye unyevu chini kidogo ya uso hubeba vizuri kuliko mkavu wa saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi ni bora. Shusha upepo hadi 18 au 20, ingiza L4 (foo wili ya gia nzito), gia ya pili au ya tatu, nenda kwa mwendo usiobadilika, usukani ukiwa umenyooka. Ukihitaji kusimama, achia mafuta gari isimame yenyewe, kwa sababu breki hutengeneza ukuta wa mchanga mbele ya kila tairi. Tairi zikianza kuchimba, acha mara moja na urudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Kuongeza mafuta hapo ni kulaza gari kwenye difu. Na kama kuna maji yanatembea, subiri, hata kama mbingu juu yako ni nyeupe: korongo hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali juu huko.

Kwenye mbuga mambo yanageuka, na hapa ndipo nyembamba inapojenga jina lake. Mvua za kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, hulowanisha sentimita chache za juu tu. Chini bado ni kukavu na kugumu. Tairi nyembamba inakata ute wa juu na kukanyaga pagumu. Pana inaelea juu ya ute kama kandambili kwenye sakafu yenye sabuni, na gari inaanza kutembea ubavu kuelekea mtaroni huku usukani umenyooka. Kufika Februari au Machi bonde limeloa kina kizima, hakuna pagumu pa kufikia, na hoja ya kukata inakufa. Hapo pana itaelea muda mrefu kidogo zaidi, kisha nayo itanasa mbali zaidi na msaada. Mwenyeji hazungumzii tairi siku hiyo; anazunguka, au anasubiri jua la siku mbili.

Kuna jambo jingine la udongo mweusi ambalo halihusu kushika wala kuelea: unaganda. Katika mita mia moja kashata zote, yaani yale meno ya mpira usoni mwa tairi, zinajaa, tairi inakuwa mpira laini, kisha inanenepa hadi inagusa madgadi na springi. Kwenye tairi pana nafasi hiyo ilikuwa imeshaliwa tangu mwanzo. Dalili ni gari kuwa nzito ghafla, harufu ya mpira unaosugua, na usukani kukataa kukata kona hadi mwisho. Dawa ni kuzungusha tairi kwa kasi kidogo ili zitupe udongo, na ikishindikana, panga na nusu saa ya jasho. Hapa nafasi kati ya kashata ni muhimu kuliko upana. Tairi ya kashata kubwa zilizoachana hujisafisha, ya kashata zilizobanana haijisafishi, iwe 235 au 285.

Njia za vijijini zina tabia nyingine inayopendelea nyembamba. Mifereji ya tairi kwenye tope lililokauka imechimbwa na gari za kazi zilizotangulia, nyingi zikiwa za 7.50. Tairi ya 235 inakaa ndani ya mfereji. Ya 265 au 285 inapanda kingo, ubavu unasuguliwa na udongo mgumu kama tofali, na usukani unavutwa kushoto na kulia hadi mabega yaume.

Miiba nayo ina neno. Vijiji vingi vya hapa huzungushia maboma na mashamba matawi ya miiba, na matawi hayo huishia njiani yakiwa makavu. Mwiba mkavu wa mgunga unapenya tairi nyepesi ya gari ya mjini bila taabu. Uso mpana unaokota mingi zaidi, ila adui mkubwa ni ubavu, na ubavu hutokeza nje unaposhusha upepo. Kwa hiyo upepo wa 18 uliokuokoa kwenye mchanga utakuponza kwenye vichaka vya Itigi au mawe ya kupanda Kibakwe, Mpwapwa. Huko 28 hadi 32 inatosha, kwa mwendo wa pole. Kwa tairi isiyo na tyubu usiung'oe mwiba unaovujisha taratibu kabla hujashika nyuzi za kuzibia mkononi: wenyewe ndio kizibo. Tundu la ubavuni likizibwa kwa uzi ni la kukufikisha tu.

Lami ni upande ambao pana inashinda bila mjadala mrefu. Breki kwenye mvua, kona za mwendo wa 80, utulivu lori linapokupita barabara ya Singida: yote ni bora. Mtu ambaye siku tisa kati ya kumi yuko lami na Prado yake ya 265/65R17 hana sababu ya kubadili kitu. Anunue kipimo na kompresa, abaki na saizi ya kiwandani.

Mengi yanayoharibika hutokana na kubadili tairi bila kubadili ringi. 235/85R16 inataka ringi ya inchi 6 hadi 7.5, 265/75R16 inataka 7 hadi 8, na 285/75R16 inataka 7.5 hadi 9. Land Cruiser nyingi za zamani zina ringi ya 5.5. Ukiivisha 265, tairi inabinuka katikati kama mgongo wa kobe, kashata za kati zinaisha kwanza, na ukishusha upepo inaweza kutoka kwenye ringi kwenye kona. Kipimo rahisi ni chaki: chora mstari kukatiza uso wa tairi, endesha mita hamsini kwenye lami, tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi au ringi ni nyembamba. Ikifutika pembeni tu, upepo ni mdogo.

Ringi za kutokea nje huongeza mzigo kwenye beringi na stelingi, na tope lote linaishia mlangoni. Kuongeza kimo nako kunasomwa kwenye dashibodi: ukitoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 tairi inakua kwa asilimia 7 hivi, spidi ikisoma 80 unakwenda karibu 86, na gia ya pili iliyokuwa inapanda mlima inaanza kulalamika. Saizi ya 285 kwa gari ya kazi, kwa maoni yangu, ni urembo zaidi ya msaada.

Kwa gari inayobeba mzigo na kuingia vijijini mwaka mzima, chaguo langu ni 235/85R16 ya plai 10, isiyo na tyubu, ringi ya inchi 6 au 7. Upepo 38 mbele na 45 nyuma kwa lami yenye mzigo, 30 kwa barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, 18 hadi 20 mchangani, huku mwendo ukibaki chini ya 40 hadi ujaze tena. Anayesahau kujaza akarudi lami kwa 90 anapika ubavu kwa ndani, na tairi hupasuka wiki nyingine, mahali pengine, akalaumu mtengenezaji.

7.50R16 yenye tyubu bado ina nafasi yake kwa sababu moja kubwa: Canter huivaa pia, kwa hiyo tairi na tyubu utazikuta hata kwenye mnada wa wilaya. Lakini usiishushe chini ya 22 hivi, maana tyubu hujizungusha ndani na kung'oa valvu. Ukiona valvu imelala upande, tyubu imeshaanza kuhama. Ringi zake za vipande nazo ni hatari: toa upepo wote kabla ya kufungua, na wakati wa kujaza mtu asisimame mbele ya kile kipete cha chuma kinachoifunga ringi.

Spea mbili ziwe za kimo kile kile, kwani kimo tofauti kwenye foo wili hukaza difu na gia. Kwa bahati 7.50R16 inalingana kwa kimo na 235/85R16, kwa hiyo 235 ikipasuka ubavu mbali na mji, fundi pancha wa kijijini anaweza kuivisha ringi yako ya inchi 6 tairi ya 7.50 pamoja na tyubu yake. Mwambie tu abandue kwanza stika za karatasi zilizo ndani ya tairi na apapase ringi kutafuta kutu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokata tyubu kabla hujafika nyumbani.