Kichwa cha Risasi ya Masafa Marefu Kichaguliwe kwa Kuanza na Mnyama

Mwindaji wa Colorado au Wyoming, huko Marekani, anayejaza risasi zake mwenyewe, yaani anayetia baruti na kichwa kwenye ganda kwa mkono wake, ukimuuliza kwa nini amechagua kichwa fulani cha risasi na kuacha kingine, mara nyingi atakujibu kwa namba. Atakutajia namba ya balistiki, yaani kipimo cha jinsi kichwa hicho kinavyopasua hewa bila kupoteza kasi, kisha atakuonyesha karatasi ya shabaha ambayo matundu yake matatu yamegusana. Sina ugomvi na namba hiyo wala na karatasi hiyo, kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. Ugomvi wangu ni na mpangilio wa maswali. Swali la kichwa kinavyosafiri limewekwa mbele, na swali la kinavyofanya kikishafika limeachwa nyuma, ilhali mnyama hafi kwa sababu ya safari ya risasi bali kwa sababu ya mwisho wake.

Kichwa cha risasi ya kuwindia hudaiwa mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Kikiwa angani kinatakiwa kiwe kirefu, chembamba, chenye ncha kali na mkia uliopunguzwa, ili hewa isikikamate. Kikigusa mwili kinatakiwa kibadilike papo hapo: ncha ifunguke, kipenyo kiongezeke hadi karibu mara mbili, na bado kibaki na uzito wa kutosha kufika kwenye mapafu na moyo. Kufunguka huko kunategemea kasi ya wakati wa kugonga, si umbali wenyewe. Vichwa vingi vya mtindo wa zamani vinahitaji takriban mita 550 kwa sekunde ili vifunguke vizuri, na baadhi ya vile vilivyotengenezwa mahususi kwa masafa marefu huridhika na mita 490 au hata 400. Sasa chukua risasi ya kawaida ya .308 Winchester yenye kichwa cha greni 150, yaani kama gramu 9.7, chenye ncha laini. Hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 860 kwa sekunde, na kabla ya kufika mita 400 imeshashuka chini ya kiwango kile cha 550. Bunduki bado inaweza kugonga shabaha ya ukubwa wa sahani katika umbali huo, lakini kichwa kinaweza kupita kikiacha tundu jembamba, na mnyama aliyetobolewa hivyo anaweza kwenda mbali sana kabla ya kuanguka, kama ataanguka siku hiyo.

Inashangaza kidogo kwamba Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku vitani vichwa vinavyopanuka mwilini, wakati sheria ya uwindaji ya Colorado inaagiza kinyume chake: kwa wanyama wakubwa kichwa lazima kiwe cha kupanuka, kisipungue greni 70 kwa kulungu na greni 85 kwa elki, yule kulungu mkubwa wa milima ya magharibi. Ukitafakari, sheria hiyo ya pili ina huruma ndani yake, kwa sababu lengo ni mnyama afe upesi.

Upande wa pili wa tatizo husahaulika zaidi. Mtu amechagua kichwa chenye gamba jembamba la shaba ili kifunguke kule mbali ambako kasi imepungua, kisha asubuhi ya kwanza elki dume anatokea kwenye miti mita 40 mbele yake. Dume la elki hufikia kilo 300 na zaidi, na mfupa wa bega lake si wa kuchezea. Kichwa kile kile kilichosifiwa kwa upole wake kwa mbali kinagonga bega kikiwa na kasi karibu yote iliyotoka nayo mtutuni, na kinaweza kupasuka vipande vipande kabla ya kufika kifuani. Anayejiita mwindaji wa masafa marefu hachagui umbali peke yake. Mnyama naye huchagua. Kwa hiyo kichwa kinachofaa ni kile kinachostahimili pande zote mbili, na hapo ndipo namba ya balistiki inapopaswa kukubali kupunguzwa kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1946 John Nosler alikuwa akiwinda huko British Columbia, nchini Kanada, akiwa na bunduki ya .300 H&H Magnum, na vichwa vyake vikashindwa kupenya mwili wa musi, yule kulungu mkubwa kuliko wote duniani, kwa sababu vilifunguka haraka mno. Alichobuni ni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele hufunguka, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition na bado kinauzwa hadi leo. Angani si cha ajabu, maana vipya vingi vinakizidi kwa mbali katika kupasua hewa. Kimedumu kwa sababu mtengenezaji alianza na swali la mwilini.

Siku hizi kuna njia nyingine mbili za kufikia lengo lile lile. Moja ni kuunganisha kiini cha madini ya risasi na gamba lake ili visiachane wakati wa kugonga. Nyingine ni kuacha madini ya risasi kabisa na kutengeneza kichwa cha shaba tupu, jambo ambalo kampuni ya Barnes ililipa umaarufu kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. California imewalazimisha wawindaji wake kufuata njia hii: sheria iliyosainiwa mwaka 2013 ilianza kutekelezwa kikamilifu tarehe 1 Julai 2019, na sababu kubwa ilikuwa tai wakubwa wa kondori, ambao hula matumbo yaliyoachwa porini na kumeza vipande vya madini hayo yenye sumu. Mimi naiunga mkono sheria hiyo, hata kama shaba ina masharti yake. Ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu kinahitaji mtutu wenye msokoto wa kasi zaidi, yaani mifereji ya ndani inayokizungusha haraka zaidi, ili kitulie angani. Kadhalika, vichwa vingi vya shaba vinataka kasi kubwa ili vifunguke. Mwenye mtutu wa zamani aangalie msokoto wake kabla ya kununua boksi.

Nije kwenye kujaza maganda kwa mkono, ambako naona juhudi nyingi zinakwenda mahali pasipo na faida kubwa. Tuchukue risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ikiwa na kichwa cha greni 143 kinachotoka kwa mita 823 kwa sekunde. Kichwa hiki hupoteza takriban mita 40 za kasi katika kila mita 90 za safari. Maana yake ni kwamba mtu akiongeza baruti hadi apate nyongeza ya mita 30 kwa sekunde, amejinunulia takriban mita 70 tu za umbali, na amelipia kwa shinikizo kubwa ndani ya ganda, mtutu unaochakaa mapema, na wakati mwingine komeo linalogoma kufunguka. Hiyo si biashara. Anayejaza risasi afuate kitabu cha mtengenezaji wa baruti, aanze na kiwango cha chini, na asinakili kipimo cha mtu mwingine, kwa kuwa mitutu miwili ya kaliba moja, yaani yenye tundu la kipenyo kimoja, haifanani kwa ndani.

Kuhakikisha kila risasi inatoka kwa kasi ileile kuna maana zaidi, ila nako kuna mpaka. Kwa risasi hiyohiyo, tofauti ya mita 15 kwa sekunde huhamisha mahali pa kugonga kwa takriban sentimita 7 kwenda juu au chini katika umbali wa mita 460. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ambao mtu hauhisi kuwa mkali, huisukuma kama sentimita 40. Aliyekosea upepo kwa nusu amekosa kwa sentimita 20, hata kama maganda yake aliyapima moja moja kwa mizani ya duka la dhahabu. Tena risasi hutumia karibu theluthi mbili za sekunde kufika huko. Mnyama anayetembea polepole, mita 1.3 kwa sekunde, atakuwa amesogea zaidi ya sentimita 80, na kichwa kilichokusudiwa mapafuni kitakuta tumbo. Hakuna kichwa wala ujazo unaotibu hilo.

Watetezi wa kaliba ndogo hupenda kumtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo, mwanzoni mwa karne iliyopita, na aliyeua zaidi ya tembo elfu moja, wengi wao kwa kaliba ya milimita 7. Wanaomtaja huacha nusu ya habari. Bell alitumia vichwa virefu vigumu visivyopanuka kwa sababu alilenga ubongo na alitaka vinyooke ndani ya fuvu, na alisogea karibu sana kabla ya kufyatua. Kaliba yake ilikuwa ndogo, lakini kichwa kililingana kabisa na kazi aliyokipa.

Kwa elki, mwenye bunduki ya 7mm Remington Magnum ningemshauri achukue kichwa cha greni 160 hadi 175, kilichounganishwa kiini na gamba au cha shaba tupu, akubali hasara ndogo ya namba ya balistiki, na atafute ujazo wa wastani ambao mtutu wake unaupenda. Kisha asome kasi ya chini ambayo mtengenezaji ametaja kwa kichwa hicho, aongeze mita 60 kwa sekunde juu yake kwa ajili ya baridi na makosa ya vipimo, na ahesabu ni umbali gani risasi yake inafikia kasi hiyo. Umbali huo uwe ndio ukingo wa nje, na ndani yake achore mpaka mwingine mfupi zaidi, ule ambao anaweza kugonga sahani kila mara akiwa amepiga goti kwenye mteremko, kifua kikipanda na kushuka baada ya kupanda mlima wa mita 3,000. Kwa wengi wetu mpaka huo wa pili ni chini ya mita 400, na katika umbali huo kichwa cha Nosler cha mwaka 1948 bado kinatosha.