Kilwa Kisiwani: mimi nasema tuanzie Husuni

Kikundi chetu cha kutembea kina ugonjwa mmoja, kuhesabu hatua. Jumamosi asubuhi, mashua ya kutupeleka kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani haijaondoka hata gatini Kilwa Masoko, watu tayari wanaonyeshana simu: nani kafikisha elfu tatu, nani kalala. Tulikuwa tumeingia jana yake jioni kutoka Dar es Salaam, kilomita kama 300 ndani ya basi, miguu imevimba. Vibali tulishachukua, mwongoza wageni alikuwepo, na upepo ulikuwa wetu.

Tukiwa majini, mwongozaji akatupa kile kisa cha Ali bin Hassan wa Shirazi, kule Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia chote. Zamani hizo, masimulizi yanasema, maji yakipwa ulivuka kutoka bara kwa miguu. Muuzaji akajutia biashara, akapanga kurudi na watu wake kwa njia hiyohiyo, lakini akakuta bahari imejaa na haikupwa tena. "Kumbe huyo mzee ndiye anayetulipisha nauli ya mashua!" akalalamika dada mmoja, mtembeaji hodari kuliko sisi wote.

Sasa maoni yangu. Wageni wengi hushushwa karibu na Gereza, yaani ngome ya zamani, wakaenda Msikiti Mkuu, wakapita makaburini na kwenye jumba la Makutani, kisha wakiulizwa kuhusu Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo mbali na mji, wanalitazama jua na kusema tumechoka. Nadhani ni kosa. Sisi tulibishana pale ufukweni, walio wengi wakashinda, tukalipita Gereza bila kusimama na kushika njia ya mashariki, katikati ya mashamba na nyumba za watu. Maana kisiwa hiki kina wenyewe, wanalima na kuvua. Watoto walitusindikiza nusu ya njia wakicheka kofia zetu.

Husuni Kubwa iko juu ya jabali, inatazama bahari. Vyumba vyake vinapita 100, na katikati kuna birika la kuogea lenye pembe nane ambalo hata likiwa kavu linakufanya utamani kuvua shati. Aliyelijenga jumba hili ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia mikononi mwa Kilwa. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika mwaka 1331 akamkuta, akamsifu kwa ukarimu. Jumba lenyewe halikumalizika.

Kisha tukarudi mjini kwa miguu, na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho maelezo ya mdomo hayakunipa. Njia ni ndefu! Jasho lilikuwa linatuchuruzika hadi tunauona Msikiti Mkuu, na nguzo zake na kuba za matumbawe na chokaa. Mtawala wa mji huu aliamua kukaa mbali na msikiti wa watu wake, mbali na soko na kelele za waashi. Ushahidi sina, nina miguu tu, lakini naamini alitaka jahazi linaloingia bandarini limwone yeye kwanza, mji baadaye. Ukianzia msikitini na kuiacha Husuni, unarudi Masoko na picha nzuri, ila umbali ule hukuupima.

Gereza tulilitazama mwisho. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 na kujenga ngome, lakini kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Hapo mwenzetu mmoja akapanda ukuta apigwe picha. Nilimpigia kelele kuliko ilivyostahili, nakiri. Lakini magofu haya, ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1981, yalikaa miaka 10 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuanzia 2004 hadi 2014. Chokaa ya miaka 700 haihitaji kiatu cha mtu.

Wali wa nazi na samaki tulikula chini ya mwembe, kimya kabisa.

Jioni maji yalikuwa yamekupwa, mashua imesimama mbali. Tukavua viatu, tukaifuata kwenye matope. Simu zote zilitiwa ndani ya ndoo, akazibeba kichwani kijana wa mashua, na hatua zake zikahesabiwa kuwa zetu.