Umemetuli darasani: rula na karatasi zinathibitisha nini?

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki somo la umemetuli, yaani umeme unaotulia juu ya kitu bila kutiririka, huanza kwa jaribio lilelile: mwanafunzi husugua rula ya plastiki kwenye nywele au sweta, huisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, navyo huirukia. Wanaolitetea wana hoja nzito, kwa kuwa halihitaji maabara wala fedha, kila dawati linaweza kulifanya hata darasa likiwa limefurika, na mwanafunzi huona jambo lenyewe kabla ya kutwishwa maneno kama chaji (umeme uliomo kwenye kitu) na elektroni (chembe ndogo zenye chaji hasi).

Wanaolitilia shaka nao hawasemi ovyo. Wakati wa masika, Tanga au Mombasa, unyevu wa hewa hutandaza maji membamba juu ya plastiki na chaji huvuja upesi, ilhali Dodoma mwezi wa Julai rula hiyohiyo haimwaibishi mwalimu. Jaribio likigoma, darasa huambiwa liandike matokeo yaliyotarajiwa, na hapo sayansi imegeuka imla.

Kwangu mimi, pingamizi zito zaidi ni jingine. Karatasi ile haina chaji ya ziada. Huvutwa kwa sababu rula husababisha chaji zilizomo ndani yake zijipange upya kidogo, zile za aina tofauti na chaji ya rula zikawa upande wa rula. Mvutano peke yake, basi, hauthibitishi kwamba vitu vyote viwili vimechajiwa, wala kwamba kuna aina mbili za chaji. Kinachothibitisha ni kusukumana. Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay aliona kipande chembamba cha dhahabu, kilichochajiwa kwa bomba la kioo, kikisukumwa na kioo hicho lakini kikivutwa na sandarusi iliyosuguliwa (naam, utomvu uleule ambao pwani yetu iliuuza kwa wingi ng'ambo katika karne ya 19), na ndipo alipotambua kwamba umeme ni wa aina mbili.

Selotepu inaweza kurudia hoja hiyo kwa gharama ndogo. Vipande viwili vilivyobandikwa mezani na kubanduliwa kwa haraka husukumana vikikaribishwa; kimoja kikibandikwa mgongoni mwa kingine, kisha vikatenganishwa, huvutana. Zaidi ya hayo, hakuna kilichosuguliwa, kwa hiyo mwanafunzi huanza kuelewa kwamba chaji hutokana na kugusana na kuachana, huku kusugua kukiongeza tu eneo linalogusana.

Ni kweli kwamba selotepu haimwonyeshi mtu elektroni hata moja, na sehemu hiyo bado ni ya mwalimu na ubao. Hata watafiti hawajaafikiana kikamilifu kuhusu kinachohama baina ya plastiki mbili zinapogusana: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa uso mmoja hubeba mabaka ya chaji chanya na hasi kwa pamoja. Lakini kama kipindi cha dakika 40 kinaruhusu jaribio moja tu, ningeiacha rula mkobani.