Gumegume kwa Maana Zote Mbili

Tak! Kimya.

Unapandisha tena nyundo ya gumegume, bunduki ya kale ya jiwe na chuma, unalenga kwa heshima zote za mwindaji, unavuta triga. Tak! Si cheche, si moshi. Hapo ndipo unapomwelewa aliyeanza kumwita mwanamume asiye na faida gumegume.

Na kila apitaye ni fundi. "Badilisha jiwe." Haya, limebadilishwa, limevikwa ngozi lisiteleze, skrubu imekazwa. Tak! "Ligeuze mgongo uwe chini." Limegeuzwa. Tak! "Baruti imepata unyevu." Bwana wee, hata baruti haijatiwa! Tunatafuta cheche hapa, na cheche si ya jiwe. Jiwe ni kisu tu. Kinachowaka ni chembe za chuma zinazokwanguliwa kwenye kile kifuniko cha kisahani cha baruti, na mgonjwa ni huyo. Mpitishie tupa usoni: ikiteleza kama juu ya kioo, ni mzima, ikiuma, kalainika. Wazee hawa wengi ni chuma laini kilichopewa ngozi ngumu ya kaboni, nyembamba kama ganda la yai. Ngozi imekwisha, umebaki uso.

Dawa yake ni soli. Ndiyo, soli, kama kiatu! Kata kipande cha msumeno wa zamani, unene kama milimita 1, ukikunje kifuate mkunjo wa uso. Kitie moto mpaka sumaku ikikatae, kizamishe kwenye mafuta, king'arishe, kisha kipashe polepole mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Halafu kibandike kwa lehemu ya bati. Ya bati, nimesema! Atatokea mjuaji na shaba yake, "ndiyo inayoshika." Itashika, lakini moto wa shaba utalainisha tena kila ulichokigumisha, na mtarudi kwenye tak! yenu. Mwisho rudisha jiwe nyuma kidogo, lisije likagusa soli nyundo ikiwa imepandishwa nusu.

Nyundo inajiachia ikiwa nusu? Jino la ndani au ncha ya ulimi unaoishika nyundo imelika. Tupa ya haraka huko ndani hukosesha pembe, na bunduki huanza kujifyatulia itakavyo.

Tundu la pembeni ya kasiba, yaani mtutu, linalopitisha moto kwenda ndani, limepanuka? Tia kizibo cha skrubu, toboa upya, milimita 1.6.

"Si ununue mtambo mpya wa kufyatulia tu?" Upya gani! Mafundi bunduki wa Lancaster, Pennsylvania, Marekani, karne ya 18, mitambo mingi waliiagiza Uingereza, na kila mmoja ulipigwa tupa kwa mkono. Wa leo utakuta bamba limezidi, skrubu imekwenda upande, kisahani kiko chini ya tundu. Utachonga mti mpaka ulie. Na wa zamani usiutupe. Thamani ya bunduki imo humo.

Ah, na kabla ya yote hayo, ingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, kasibani, weka alama, utoe uupime kwa nje. Ukiwa haukufika chini, humo mna baruti ya marehemu fulani. Jambo la kwanza, halafu watu hulikumbuka jioni!

Bisibisi nazo. Skrubu za kale zina mfereji mwembamba, bisibisi za dukani zina ncha kama kabari. Zinapanda, zinateleza, zinatafuna vichwa. Inabidi uinoe bisibisi yenyewe kwanza. Na tupa iko wapi? Ameazima yule wa shaba.