Kioo kipya cha mbele, kamera ileile: kalibresheni ni usalama au ni bili tu?

Kioo cha mbele kikipasuka kwenye gari la miaka ya karibuni, fundi hukuletea hesabu mbili: ya kioo chenyewe, na ya kalibresheni, yaani kuipimia upya mwelekeo kamera inayokaa nyuma ya kioo hicho. Mara nyingine hesabu ya pili hulingana na ya kwanza au huipita. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wako wanaosema gari lisitoke gereji kabla kamera haijapimwa. Wako wanaosema kamera ni ileile, imerudishwa palepale, dashibodi haina taa yoyote, kwa hiyo hii ni bili ya kutafutwa. Naona wa kwanza wana haki kwa sehemu kubwa. Lakini wa pili nao hawabishi hewani, na kuna hatari moja ambayo pande zote mbili huipita juu juu: kalibresheni iliyofanywa ovyo.

Kamera yenyewe hukaa juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ikichungulia barabara kupitia sehemu ndogo inayofagiliwa na waipa. Ndiyo inayosoma mistari ya leni, vibao vya mwendo, magari yaliyo mbele na watu wanaovuka. Breki za dharura zinazoshika zenyewe, usukani unaojirudisha ndani ya leni, taa kali zinazojishusha gari jingine likija: vyote hivyo huitegemea, peke yake au ikishirikiana na rada. Volvo ilipotoa XC60 mwaka 2008 ikiwa na mfumo wa kufunga breki wenyewe mjini, kihisi chake cha leza kilikaa nyuma ya kioo cha mbele na kilifanya kazi kwa mwendo wa chini ya kilomita 30 kwa saa. Wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushangaza watu. Leo Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake 2019/2144, unataka breki za dharura na mfumo wa kulizuia gari lisitoke kwenye leni katika magari madogo yote mapya tangu Julai 2024, na kanuni iliyopitishwa Marekani mwaka huohuo wa 2024 iliweka Septemba 2029 kuwa ukomo kwa breki za dharura. Magari haya yatauzwa mkono wa pili, kisha wa tatu, na vioo vyake vitapasuka kwa kokoto kama vioo vingine vyote.

Na mifumo hii si mapambo. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharimiwa na kampuni za bima, imeonyesha kuwa onyo la mgongano likiwa pamoja na breki za dharura hupunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa karibu nusu. Kwa hiyo swali la kama kamera inaona sawasawa ni swali la watu kuumia au kutoumia.

Tuanze na dai kwamba kamera imerudishwa palepale. Si kweli, hata kama fundi ni hodari. Katika magari mengi, kishikio cha kamera kimegundishwa kwenye kioo, si kwenye bodi ya gari. Kioo cha zamani kikitoka, kishikio kinatoka nacho. Kamera inapachikwa kwenye kishikio kingine, kilichogundishwa kiwandani na mkono au mashine nyingine. Kioo kipya nacho kinalala juu ya gundi mbichi, na unene wa gundi ile ukizidi upande mmoja, mlalo wa kioo unabadilika kidogo. Kwa macho ya binadamu huwezi kuliona badiliko hilo. Kwa kamera, linahesabika.

Chukua nyuzi moja tu (digrii moja) ya kosa kwenda kulia au kushoto. Umbali wa mita 50 mbele, nyuzi moja ni takriban sentimita 87. Mita 100 mbele, ni mita 1.75, karibu upana wa gari dogo zima. Leni nyingi za barabara kuu zina upana wa kama mita tatu na nusu. Gari lililo leni ya jirani linaweza kuhesabiwa kuwa liko mbele yako, au lililo mbele yako likahesabiwa kuwa la jirani.

Kosa la juu na chini linanitia wasiwasi zaidi, na halizungumzwi sana. Kamera moja hukadiria umbali, kwa sehemu, kwa kutazama mahali matairi ya gari la mbele yanapogusa lami, chini ya upeo wa macho. Tuseme kamera iko mita 1.3 juu ya barabara na gari liko mita 50 mbele: pembe yake ni kama nyuzi moja na nusu tu kwenda chini. Kamera ikikosea nusu nyuzi upande mmoja, kwa hesabu hiyo tupu gari lile litaonekana liko mita 75. Ikikosea upande wa pili, litaonekana liko mita 37. Mifumo halisi ina njia nyingine za kujisahihisha, kama upana wa gari linaloonekana au taarifa za rada, kwa hiyo sisemi gari lako litakosea mita 25 kamili. Ninachosema ni kwamba kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, na hapo hakuna nafasi ya kuchezea nusu nyuzi.

Sasa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ni kwamba si kila gari linahitaji kazi hiyo, na wako sahihi. Rada ya mbele kwa kawaida hukaa nyuma ya grili, nembo au bampa; kubadilisha kioo hakuigusi, na anayekutoza kalibresheni ya rada kwa sababu ya kioo lazima akueleze kwa nini. Kuna magari ambayo kihisi kilicho kwenye kioo ni cha mvua tu. Na kuna magari yanayojipima yenyewe barabarani: Tesla, kwa mfano, hujirekebishia kamera zake wakati wa kuendesha, kazi ambayo kwa maelezo ya kampuni huisha kwa kawaida ndani ya kilomita 32 hadi 40 kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri. Anayesema kila kioo kinachobadilishwa kinahitaji kamera ipimwe gereji kwa ubao wa michoro na mashine ya kompyuta anasema zaidi ya anachokijua.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Anayekuambia kazi inahitajika ndiye atakayelipwa kwa kuifanya. Mwenye gari hana namna ya kuikagua. Akibadilishiwa pedi za breki anaweza kuonyeshwa za zamani. Hapa anapewa karatasi yenye neno moja la kusema kazi imekamilika. Kumwita mtu huyo mbahili au mjinga kwa sababu anauliza ni kumkosea. Swali lake ni halali, na biashara ya vioo imechelewa kumjibu kwa vitu vinavyoonekana.

Hoja ya tatu, ya taa ya dashibodi, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayoaminiwa na wengi. Taa huwaka pale gari linapojua kuna tatizo: kamera imekatika mawasiliano, haioni, au ni mpya na haijawahi kupimwa. Kamera ileile ikirudishwa kwenye kioo kingine inawaka na kuendelea na vipimo vyake vya zamani, ikiamini bado inatazama kulekule. Nyingine hugundua kosa likiwa kubwa. Dogo linaweza kupita kimya. Dashibodi isiyo na taa inakuambia tu kwamba kamera inafanya kazi. Haikuambii inatazama wapi.

Kwa hiyo jibu halitoki kwa fundi wala kwa jirani mwenye uzoefu. Linatoka kwenye maelekezo ya kampuni iliyotengeneza gari hilo, kwa namba ya chesisi yake, kwa sababu magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na mifumo tofauti. Maelekezo yakisema pima, pima. Yakisema gari linajipima, basi liendeshwe mpaka limalize.

Yanaposema pima, kazi yenyewe inastahili kuonekana kwa karibu. Kuna aina mbili, na baadhi ya magari hutaka zote. Ya kwanza hufanyika gari likiwa limesimama. Sakafu lazima iwe bapa. Fundi anapima upepo wa tairi zote, anatoa mizigo kwenye buti, anaangalia kiwango cha mafuta kama kimetajwa, ananyoosha usukani. Anatafuta mstari wa katikati wa gari kwa timazi na leza, si kwa kukadiria kutoka kwenye bampa, maana bampa linaweza kuwa liliwahi kugongwa na kurudishwa likiwa limepinda. Mbele ya gari anasimamisha ubao wenye michoro ya nyeusi na nyeupe, kwa umbali na kimo vilivyoandikwa kwa milimita. Anakagua mwanga, kwa kuwa jua linalopiga ubao au kung'aa nyuma yake linaweza kuifanya kamera ishindwe kuusoma. Baada ya hayo yote ndipo mashine inapochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, na sehemu ya mashine ni dakika chache. Unacholipia hasa ni kupima kule kwa mwanzo, na ndicho rahisi kurukwa.

Aina ya pili hufanyika barabarani. Mashine ikiwa imeunganishwa, gari linaendeshwa kwa mwendo uliotajwa, kwenye barabara yenye mistari safi, hali ya hewa ikiwa nzuri, mpaka kamera ikubali. Mvua, foleni au mistari iliyofutika vinaweza kuikwamisha kazi. Ikikwama, haijafanyika, hakuna kalibresheni ya nusu.

Narudi sasa kwenye hatari niliyoitaja. Kamera iliyoachwa na vipimo vyake vya zamani kwenye kioo kipya kilichofungwa vizuri inaweza kuwa imekosea kidogo. Kamera iliyopimwa kwenye uwanja wenye mteremko, ubao ukiwa umesogea sentimita kadhaa, inafundishwa kosa na kuambiwa kwamba ndilo sahihi. Ni mizani iliyowekwa sifuri huku jiwe likiwa juu yake: kila kitakachopimwa baada ya hapo kitakuwa na uongo uleule, na mshale utatulia bila kusitasita. Mashine inaweza kutoa jibu kwamba kazi imefaulu, kwa sababu iliona ubao ndani ya mipaka inayoruhusiwa. Haijui kama sakafu ilikuwa bapa. Mwenye gari naye anaondoka akiliamini zaidi kuliko alivyokuja. Ndiyo maana siungi mkono wito wa kila karakana kununua ubao na kuanza kazi kesho.

Hofu hii si ya kinadharia. IIHS ilipotoa matokeo ya uchunguzi wake kwa wenye magari mwaka 2023, karibu nusu ya walioeleza kuwa mifumo hii iliwahi kuhitaji matengenezo walisema angalau mfumo mmoja uliendelea kusumbua baada ya gari kutoka kwa fundi. Si wote walikuwa wamebadilisha kioo, na kusumbua kuna aina nyingi. Lakini idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba kupeleka gari kwa fundi na kulipa si mwisho wa jambo.

Kioo chenyewe nacho kina neno lake. Kamera inaona kupitia tabaka mbili za kioo zenye plastiki katikati, na mawimbi madogo katika sehemu ile huipinda picha. Kioo kisicho cha kampuni ya gari si lazima kiwe kibaya. Vipo vilivyotengenezwa kwa ubora uleule. Lakini kishikio kilichokaa vibaya au kioo chenye mawimbi mbele ya lenzi hakirekebishwi na ubao wowote. Kamera ikikataa kupimika mara kwa mara, kioo kitiliwe shaka kabla ya kamera.

Basi mwenye gari adai nini? Aonyeshwe ukurasa wa maelekezo unaohusu gari lake. Apewe ripoti ya kompyuta ya kabla na ya baada, yenye tarehe na namba ya chesisi. Aruhusiwe kuona mahali kazi inapofanyika. Fundi wa kweli hatakasirika kwa maswali hayo. Na kama gereji haina sakafu wala vifaa, iseme kabla ya kukitoa kioo cha zamani, gari lipelekwe panapofaa, na mpaka hapo dereva aambiwe waziwazi kwamba kamera haijapimwa, azime msaada wa leni kama gari linaruhusu, na asizitegemee breki za dharura.

Linabaki suala la pesa, na hapo lawama yangu inaelekea kwa kampuni za bima na wauza vioo kuliko kwa mteja. Kalibresheni ikiorodheshwa pembeni kama nyongeza ya hiari, mtu mwenye pesa ya kuhesabu ataikata, na mimi simlaumu. Pale maelekezo ya mtengenezaji yanapoitaka, ni sehemu ya kubadilisha kioo kama gundi ilivyo sehemu yake. Itajwe kwenye bei moja tangu mwanzo, na bima inayolipia kioo iilipie nayo. Pale isipohitajika, isitajwe kabisa.