Baba Zuhura, Twende Tukaione Theluji

Kila kipupwe kikiingia, upepo wa kusi ukianza kupiga pale Shangani na watu wa Mtwara wakitoa masweta kwa ubaridi wa nyuzi 22, kuna mke mahali fulani ameshika simu anatazama picha. Majani meupe, mtu kajifunga shali mpaka puani, mvuke unamtoka mdomoni. Anamgeuzia mumewe kioo. "Baba Zuhura, mwaka huu twende Makete, kule Njombe, tukaione theluji."

Baba Zuhura ana mikorosho yake. Huu ndio msimu wa kupulizia salfa, na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho ambao salfa inauzuia, haumngoji mtu arudi matembezini. Pesa ya mnada uliopita ilishakuwa bati, ada na michango ya harusi za watu. Lakini hebu kamwambie hivyo mwanamke ambaye ameshanunua kofia ya kuziba masikio.

Na wala si theluji. Theluji inadondoka kutoka mawinguni, na hapa kwetu ukiitaka ya uhakika panda kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako gari haliendi. Kinachoonekana Makete mwezi wa saba ni sakitu: usiku ukiwa mtupu, hakuna wingu wala upepo, ardhi inaachia joto lake lote angani, na unyevu wa hewa unaganda juu ya majani. Wingu likitanda usiku huo, asubuhi utakuta umande tu kama wa Nanguruwe. Mueleze mkeo haya yote taratibu, kwa mifano. Atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atakuuliza, "Kwa hiyo theluji ipo au haipo?"

Haya, safari. Mtwara, Mnazi Mmoja, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea: zaidi ya kilomita 600, lami tupu. Songea kwenda Njombe ni karibu 240 nyingine. Gari dogo la kula lita moja kwa kilomita 12 linataka lita 75 kufika Njombe tu, na tangi lake halifiki hata 50. Kwa hiyo jaza Masasi, ongeza Tunduru, wala usiingie lile pori la kuelekea Namtumbo mshale umelala. Lala Songea. Anayekudanganya kwamba alitoboa kwa siku moja muulize alilipa faini ngapi, maana kila kijiji ni 50, tochi iko nyuma ya mwembe, na kosa moja ni 30,000. Kwa hesabu ya makosa matatu ningekuwa nimenunua mfuko wa salfa.

Tatizo lenyewe hasa ni gari. Gari la Mtwara ni la pwani kama mwenyewe.

Fungua rejeta uone. Ndani kuna maji ya kisima yenye chumvi, rangi ya chai ya rangi. Maji matupu yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na chuma hakina pa kukimbilia. Kinachopasuka ni rejeta au bloku ya injini. Usiku wa kulifikisha gari huko ni wa nadra, lakini bei ya bloku unaijua. Mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, kisha weka kulanti nusu na maji safi nusu. Mchanganyiko huo haugandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, ambako hata Makete hakufiki. Ukimaliza, kagua mfuniko wa rejeta. Mita 2,600 juu, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Mfuniko ndio unaobana presha yasichemke mapema. Mpira wake ukiwa umechoka, utaona kioja cha gari kuchemsha huku abiria wanatetemeka.

Themostati nayo iulizie, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi wetu akiona gari linapandisha joto, dawa yake ni moja, anaing'oa na kuitupa. Huku pwani gari linatembea tu. Kule juu injini haipati moto wake, inakunywa mafuta kama mgeni wa harusi, na hita inapuliza hewa ya uvuguvugu.

Kama hita yenyewe ipo. Hapa ndipo ndoa za watu hutikiswa. Gari lilipotoka Japani lilikuja na hita nzima: kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanaingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, feni inapuliza katikati. Siku kikaanza kuvuja na kulowesha zulia, fundi hakuhangaika kushusha dashibodi. Alichukua kipande cha mpira urefu wa shubiri, akakikunja kama herufi U, akaunganisha njia ya kwenda na ya kurudi, klipu mbili, kwisha kazi. "Mzee, hita ya nini Mtwara?" Ukacheka, ukamlipa, na kwa miaka sita hukuwa na sababu ya kumlaumu. Basi kabla ya safari washa gari dakika 15, zungusha swichi mpaka kwenye rangi nyekundu, weka kiganja. Ikitoka hewa ya baridi, fungua boneti utazame ule ukuta kati ya injini na miguu yako. Mabomba mawili yaliyochomoza na hayajashikwa na mpira wowote, hayo ndiyo yatakayokupa maneno kutoka Njombe mpaka Makete na kurudi.

Maana hita si ya joto peke yake. Watu wawili wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele kinaingia ukungu kwa ndani. Mama Zuhura ataufuta kwa upande wa kanga, utarudi, ataufuta, atauliza kwa nini hukutengeneza. Dawa ni hita na AC kwa pamoja, hewa uielekeze kioo cha mbele: AC inakausha, hita inapasha. Ukiwa huna hita, fungua kioo cha mlango vidole viwili, mpigwe na baridi yenu kwa haki.

Kuhusu upepo wa tairi utasikia mengi vijiweni. Ukweli ni kwamba baridi inaushusha na mwinuko unaupandisha kwenye geji, vinakaribia kufutana. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, fuata kibandiko cha mlango wa dereva, basi.

Nguvu ndiyo hairudi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ukifika uwanda wa Kitulo, huko Makete, robo ya farasi wako wamebaki njiani. Na nyuma kuna kiroba cha samaki wakavu, nazi kumi na debe la korosho, zawadi kwa watu ambao bado hamjajuana nao. Mlima Lukumburu, kati ya Songea na Njombe, utaupanda kwa gia ya pili, nyuma yako lori linapiga honi. Wakati wa kurudi ndio hatari: usiushuke kwa kukanyagia breki. Shuka kwa gia ileile uliyopandia. Gari la otomatiki weka 2 au L. Pedi zikipata moto sana hazishiki, na maji ya breki yaliyokaa miaka yameshanywa unyevu, yanachemka, pedali inazama kama umekanyaga sifongo. Ukungu ukishuka, washa taa za chini. Ukiwasha fulu unajimulikia ukuta mweupe.

Mnafika. Kijana wa mapokezi amevaa fulana moja. "Shikamoo mzee, karibuni, yaani mwaka huu baridi bado haijaanza." Mama Zuhura wakati huo anahangaika na kichupa cha mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi yakishuka chini ya nyuzi 24 yanaganda, na yeye toka azaliwe Mikindani hajayaona yakiwa magumu hivi. Anayachokonoa kwa kijiti cha kiberiti. "Umeninunulia ya kuchakachua." Yaweke mfuko wa ndani wa koti nusu saa, yatayeyuka, lakini heshima yako haitarudi kwa njia hiyo.

Atataka jiko la mkaa chumbani. Hapo kataa, hata kama mtanuniana. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, izungushie soksi, iweke miguuni. Inapasha usiku mzuri tu.

Jioni tandika kanga mbili juu ya kioo cha mbele uzibane kwa milango, na waipa uziinue zisigandie. Doti jipya hatalitoa, usiombe. Ukisahau, asubuhi usimwagie kioo maji ya moto: upande mmoja unatanuka ghafla, mwingine bado, kioo kinapasuka kutoka kona hadi kona. Kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.

Sakitu yenyewe ipo mabondeni, hewa ya baridi inakotuama, kuanzia alfajiri mpaka jua likipiga sawasawa. Kufika saa mbili imekwisha, ni majani yaliyolowa. Kwa hiyo saa kumi na mbili kasoro unamwamsha. Sauti inatoka chini ya mablanketi manne: dakika tano. Kisha kilemba. Kisha kilemba kingine, kile hakiendani na koti. Saa mbili na robo mko kando ya bonde, majani yanadondosha maji, ng'ombe mmoja anawatazama.

Yeye anatazama bango la hifadhi ya Kitulo, lina picha ya maua uwanda mzima. "Haya yanatoka lini?"

Yanaanza Novemba. Novemba minada ya korosho imepamba moto, pesa ipo, na Mama Zuhura anajua kwamba ipo.