A220 za ATCL: shida ni ndege yenyewe au ni jinsi tulivyoinunua?

Kila ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikitoka, mjadala wa ATCL, shirika letu la ndege la Tanzania, unarudi palepale. Ya mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha hasara ya shilingi bilioni 91.8, mwaka uliotangulia ilikuwa bilioni 56.6, na moja ya sababu kubwa inayotajwa ni ndege kukaa chini muda mrefu kwa ajili ya injini, hasa hizi Airbus A220. Hapo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema tuliingizwa mjini, tukanunua ndege ambayo bado inafanyiwa majaribio, na kuna wanaosema ndege ni nzuri, ni ya kisasa, tatizo la injini limewakuta wote duniani kwa hiyo tusijilaumu. Mi naona pande zote mbili zina hoja nzito, ila zote zinabishana kuhusu ndege wakati pesa nyingi imepotelea kwenye mambo yanayoizunguka: tumenunua ngapi, za aina ngapi, na injini ngapi za akiba.

Tuanze na wanaoitetea, maana wengi wanaoiponda hawajui hata ilikotoka. A220 haikuanzia Airbus, ilibuniwa na Bombardier wa Canada ikiitwa CSeries, na walichofanya Bombardier ni kitu ambacho wakubwa walikuwa wanakikwepa, yaani kuchora ndege upya kabisa kwa ajili ya abiria kati ya 100 na 150. Boeing na Airbus kwenye saizi hiyo walikuwa wanachukua ndege zao kubwa wanazifupisha, na ndege iliyofupishwa inabaki na uzito wa bawa na matairi ya ndege kubwa, kwa hiyo unachoma mafuta ya kubeba chuma kisicho na abiria. Ya Bombardier ina siti tano kwa mstari, mbili upande mmoja tatu upande mwingine, bawa limetengenezwa kwa kompoziti, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi, madirisha makubwa. Boeing waliiogopa kiasi kwamba baada ya Delta, shirika la ndege la Marekani, kuagiza 75 mwaka 2016 wakakimbilia serikali yao kulalamika, Marekani ikapendekeza ushuru wa karibu asilimia 300, na Januari 2018 tume yao ya biashara ikaitupilia mbali kesi. Lakini Bombardier alikuwa ameshaishiwa pumzi kifedha, Airbus akachukua hisa nyingi mwaka huohuo na kuibadilisha jina.

Desemba 2018 ATCL ikawa shirika la kwanza Afrika kuipokea. Kwa ukubwa wake, siti 132, kwa kweli ilikuwa saizi yetu. Q400, ile ya mapangaboi, inabeba 76, Dreamliner ya Boeing ni ya masafa marefu, katikati palikuwa na pengo, na ruti kama Dar–Mwanza au Dar–Johannesburg zinataka kitu cha katikati hichohicho. Anayesema ndege hii haikufaa kwa soko letu sikubaliani naye hata kidogo.

Sasa tuje kwenye injini, ndipo penye utamu na maumivu.

Kwenye injini ya jeti ya kawaida lile feni kubwa la mbele na turbini (gurudumu la nyuma linalosukumwa na gesi ya moto) inayolizungusha vinakaa kwenye shafti moja, kwa hiyo spidi yao ni moja. Shida ni kwamba feni likiwa kubwa linafanya kazi vizuri likienda taratibu, na turbini inafanya kazi vizuri ikienda kasi sana, hivyo miaka yote mainjinia walikuwa wanachagua spidi ya katikati ambayo haimfurahishi yeyote. Pratt & Whitney, wanaotengeneza injini ya A220, wakaamua kuweka giaboksi katikati, turbini inazunguka kama mara tatu wakati feni linazunguka mara moja. Ni wazo rahisi kulisema, ila kulitengeneza limewachukua kama miaka 20 na dola zinazokaribia bilioni 10, kwa sababu ile gia inapitisha nguvu kubwa mno ndani ya nafasi ndogo na haitakiwi kupata moto wala kutetemeka. Walipomaliza ikawa injini inayopunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 15 na haina kelele, kiasi kwamba ukikaa karibu na bawa unashangaa.

Na kitu ambacho wengi hawakitaji: ile gia waliyoiogopa wote ndiyo imekuwa haisumbui. Kilichosumbua ni sehemu nyingine, zile ambazo kila injini inazo. Ili upate nafuu ya mafuta unaiendesha injini kwenye joto kali zaidi na unatumia vyuma vyepesi zaidi, basi vyumba vya kuchomea mafuta na vipande vya ndani vikaanza kuchoka mapema kuliko ahadi. Swiss, shirika la ndege la Uswisi, walipata matukio matatu ya injini hizi mwaka 2019, hadi Oktoba wakasimamisha A220 zote kwa ukaguzi. Kwetu mwishoni mwa 2022 ATCL ikatangaza kwamba baadhi zinakaa chini kwa sababu ya injini na ratiba itayumba. Halafu 2023 likaja balaa la injini ndugu yake, ile inayofungwa kwenye A320neo ya Airbus, poda ya chuma iliyotengenezea diski zake ilikuwa na uchafu, na RTX, kampuni mama ya Pratt, ikasema wastani wa ndege 350 duniani zitakuwa chini hadi 2026 na injini moja inaweza kuchukua siku 250 hadi 300 mpaka irudi. Karakana zilezile, mafundi walewale. Wewe mwenye ndege nne unakwenda kupanga foleni nyuma ya shirika lenye ndege mia.

Kwa hiyo anayeponda ana hoja. Teknolojia changa ina gharama, na gharama hiyo haibebwi na aliyebuni peke yake, anabebeshwa pia mnunuzi wa mwanzo. EgyptAir walikuwa na A220 kumi na mbili, mwaka 2024 wakaziuza zote kwa kampuni ya kukodisha ndege ya Marekani, miaka michache tu baada ya kuzipokea. Kule India, Go First mwaka 2023 walifilisika wakisema nusu ya ndege zao zimekaa chini kwa sababu ya injini za Pratt. Ukiyaona haya, mtu anayesema bora tungebaki na ndege za mapangaboi au ndege za zamani ambazo kila fundi anazijua huwezi kumwita mjinga.

Ila ngoja. Wapo walio kwenye injini hizihizi na wanaendelea na biashara. airBaltic wa Latvia tangu 2020 wanarusha A220 tupu, hawana aina nyingine, na wao injini zimewatesa, kiangazi wanakodi ndege za wenzao kuziba mapengo, lakini ratiba inakwenda. IndiGo wa India walipoona injini za Pratt zinasumbua, mwaka 2019 oda yao ya ndege 280 wakaihamishia injini za CFM, mtengenezaji mwingine, maana A320neo inakupa uchaguzi wa injini mbili. A220 haikupi uchaguzi huo, ni Pratt tu basi. Hilo lilikuwa linajulikana siku tunasaini, na mimi ndilo ningeliwekea alama nyekundu kuliko hata umri wa teknolojia yenyewe: ukinunua ndege yenye injini ya mtengenezaji mmoja tu, kinga yako pekee ni mkataba na injini ya akiba.

Sasa angalia tulivyojipanga. Kufikia 2024 ATCL ilikuwa na ndege 16: Dreamliner tatu, A220 nne, Boeing 737 MAX 9 mbili, Boeing 767 ya mizigo moja, Q400 tano na Q300 moja. Ni aina sita kwenye ndege kumi na sita. Rubani wa A220 hawezi kesho asubuhi akaingia kwenye MAX, anahitaji mafunzo na leseni ya aina hiyo. Fundi vilevile. Spea za Airbus hazikai kwenye Boeing. Wenye mabasi ya mikoani wanalijua hili bila kwenda shule, ukikuta mtu ana mabasi ishirini mengi yatakuwa ya kampuni moja, stoo moja, mafundi walewale, likiharibika moja anachomoa kifaa kwenye jingine safari inaendelea. Southwest wa Marekani wamejenga shirika zima kwa akili hiyo, ni 737 tu.

Na bahati mbaya ikatukuta mara mbili, Dreamliner zetu zinatumia Trent 1000 ya Rolls-Royce, injini ambayo nayo ina historia ndefu ya vyuma vya turbini kuliwa na kutu na kulazimika kutolewa mapema. Kwa hiyo ndege zetu saba kati ya zile za jeti ziliangukia kwenye injini mbili zenye sifa mbaya kuliko zote za kizazi hiki. Kenya Airways wao Dreamliner zao zinatumia injini za GE ya Marekani, na bado mwanzoni mwa 2025 tatu kati ya tisa zilikuwa chini kwa kukosa injini na spea, na shirika lililokuwa limetangaza faida ya shilingi za Kenya bilioni 5.4 kwa mwaka 2024 likarudi kwenye hasara ya bilioni 12 ndani ya nusu mwaka. Yaani hata ukichagua injini yenye sifa nzuri, ukiwa mdogo na huna akiba, ndege tatu tu zinatosha kukulaza.

Wapo watakaoniambia, na hoja yao naiheshimu, kwamba kuchanganya ndege ndiyo usalama wenyewe. Go First walikuwa na injini ya aina moja wakafa, sisi A220 zikilala angalau MAX zinaruka na injini zake za CFM. Ni kweli. Mwaka 2023 MAX ya kwanza ilipofika Oktoba ilikuwa msaada mkubwa, hakuna anayekataa. Lakini usalama wa namna hiyo unaulipia kila siku, hata siku ambazo hakuna injini mbovu: mafunzo mawili, stoo mbili, marubani wa ziada wanaokaa wakisubiri ndege ya aina yao. Shirika lenye ndege mia linaweza kumudu. Lenye kumi na sita, kila aina ni ndege mbili tatu, na hapo hata faida ya kubuniwa vizuri kwa A220, ile nafuu ya mafuta iliyotufanya tuichague, inamezwa na gharama za kulitunza kundi dogo.

Kuna pia suala la nani anayeshika ndege. Zilinunuliwa na serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, TGFA, ATCL ikawa inazikodi. Faida yake ni kwamba shirika halikulazimika kukopa benki dola milioni tisini na zaidi, ndiyo bei ya orodha ya A220-300 moja mwaka 2018. Hasara yake ninayoiona ni kwamba anayesaini ununuzi siye anayepigiwa simu na abiria wa Mwanza aliyesogezewa safari kutoka asubuhi hadi usiku. Anayejadiliana na kiwanda anatakiwa awe yule atakayeumia injini ikikosekana, ndiye atakayeng'ang'ania kipengele cha injini ya akiba na fidia ya kila siku ndege ikilala. Spirit wa Marekani mwaka 2024 walikubaliana na Pratt kupata unafuu wa dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ndege zao zilizolala.

Kwa upande wangu, pamoja na yote, nisingeziuza A220. Pratt wanaendelea kurekebisha vile vipande vinavyochoka, na miaka migumu zaidi ya injini mara nyingi ni ile ya mwanzo ambayo tumeshailipia. Kuziuza sasa ni kumpa mwingine nafuu ya mafuta baada ya sisi kubeba maumivu. Ambacho ningefanya ni kuongeza injini za akiba za A220 kabla ya kununua ndege nyingine yoyote ya aina ya saba, na fedha ya MAX inayofuata ningeiweka huko. Najua wapo watakaosema injini ya akiba ni ghali na haipigwi picha wala kupokelewa uwanjani na kwaya. Ni ghali kweli, inahesabika kwa mamilioni ya dola, na kwenye foleni ya sasa hata ukiwa na pesa mkononi unaweza usiipate haraka, ndiyo maana wakati wa kuidai ni siku ya kusaini ndege, kiwanda kikiwa bado kinakuhitaji.